Kikohozi cha Mama Chance

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, safari haitangazwi. Mtu anaweza kukuaga kwamba anakwenda kununua mkate, na baada ya siku chache akakupigia simu kutoka Brussels akiuliza kama mvua imeanza. Hatumwiti mwongo. Tunasema amejilinda, maana safari ikisemwa mapema, midomo ya watu inaila: viza inakwama, pasipoti inapotea, au mwenyewe anateleza kwenye ngazi za kanisa siku ya kuondoka. Mimi nimefundisha watoto wadogo kwenye shule ya masista maisha yangu yote, na katekisimu ninaijua kuliko mapadri wengine ninaowafahamu, lakini kwa jambo hili sina tofauti na jirani yeyote. Safari yangu niliifungia ndani na ufunguo nikaumeza.

Ninaitwa Jeanne, ila kwenye avenue yetu, barabara ninayoishi, hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni Mama Chance, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Chance aliolewa na Mukuka, kijana wa hapa hapa, fundi wa mitambo, na kazi ikawapeleka Pretoria. Huko wakamzaa Exaucée, mjukuu wangu wa pekee, ambaye ana sura ya marehemu mume wangu na maneno ya watu nisiowajua. Mtoto anasema Kiingereza tu. Nilimgombeza Chance sana kwa hilo, tena zaidi ya mara moja.

"Mama, Kiswahili anasikia kidogo, lakini kusema anakatala," aliniambia. "Asubui iko ku masomo, jioni iko na batoto ba jirani, mi nafika ku nyumba nimechoka. Nifanye namna gani?"

Basi tukawa tunaonana kwenye simu, mimi na mjukuu wangu, tukitabasamu kama wageni kwenye harusi. Yeye akisema, mimi najibu "yes, yes". Siku moja alinipigia mwenyewe, mama yake akiwa kazini. Alisema maneno mengi kwa haraka, uso umelowa. Nilidhani ni jua, au ametoka kuoga. Nikacheka, nikamwambia "very good, very good," kwa sauti ile niliyowapongeza nayo watoto wa chekechea. Akakata simu. Jioni Chance akanieleza kwamba wenzake shuleni walikuwa wamemcheka kwa ajili ya nywele zake, na mtoto alikuwa amekimbilia kwa bibi yake ashitaki. Alimwuliza mama yake kwa nini bibi amesema ni vizuri sana.

Sikula siku ile. Nililia jikoni, nikajikasirikia mpaka kichwa kikauma, halafu nikaamua. Mtoto hana kosa na hawezi kunisubiri. Mwenye muda ni mimi, niliyekwisha kustaafu. Nitajifunza Kiingereza, na sitajifunza kwa mwalimu wa pale sokoni niliyewahi kusoma kwake, aliyetumia miezi minne kutufundisha namna ya kusema majina yetu. Nitakwenda kulekule, nikae darasani asubuhi, na mchana nimpokee Exaucée mlangoni anapotoka shuleni.

Chance alinitafutia shule ya lugha, kozi ya miezi minane, wakanikubali kwa barua. Mukuka, ambaye ni mkwe mwema lakini anapenda njia za mkato, akasema niombe viza ya kutembelea familia, ndiyo rahisi, mengine tutayaona nikishafika. Na kijana mmoja wa kupiga fotokopi mjini, mmoja wa wale wanaojifanya wanajua kila dirisha la kila ofisi, alinishauri vilevile.

"Mama, useme tu unaenda kusalimia batoto. Masomo, usitaje."

Nikapeleka swali langu kwa konsula wenyewe, kwenye ubalozi mdogo wa Afrika Kusini. Dirishani alikuwa Madame Bwalya, mwanamke wa Lubumbashi, nywele fupi, miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kwamba viza ya kutembelea haitaniruhusu kusoma kozi ndefu kama ile, na kwamba nikishafika nayo kule sitaweza kuibadilisha. Kama ninataka kukaa darasani miezi minane, basi niombe viza ya kusoma: barua ya shule, cheti cha polisi kwamba sina kesi, picha ya mapafu, bima ya matibabu, na mtu wa kupigiwa simu atakayethibitisha habari zangu.

"Siende kutembea, Madame," nilimwambia. "Ninaenda kusoma. Unipe ile ya kusoma."

Niliyasema hayo kwa sauti, mbele ya foleni nzima, na nilijisikia vizuri. Halafu nikarudi Katuba nikaanza kudanganya kila mtu.

Padri nilimwambia magoti yananisumbua, kwa hiyo kwaya nitaipumzisha. Kwa rafiki zangu wa chama cha akina mama nikasema ninashughulikia malipo yangu ya kustaafu, ndiyo maana kila mara niko mjini. Siku niliyotoka hospitali na ile bahasha kubwa ya picha ya mapafu, nani nikutane naye kama si Mama Chishimba, anayeishi ng'ambo ya avenue, mkabala na mlango wangu! Mama Chishimba anauza unga na makaa, na habari ikimfikia yeye inafika soko la Katuba kabla hajavaa viatu. Aliiangalia bahasha, akaniangalia mimi.

"Mama Chance, ni nini tena?"

"Kikohozi," nikasema, na nikakohoa.

Kabla jua halijazama alikuwa amenivukia avenue na sufuria ya tangawizi na ndimu, ya moto, imefunikwa kitambaa. Akasimama hapo mpaka nikainywa yote. Kwa wiki nzima nililazimika kukohoa kila nilipopita mbele ya meza yake.

Nitasema ukweli. Macho mabaya ya watu niliyaogopa, ndiyo, lakini si sana. Nilichoogopa ni kuchekwa. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu aliyewafunga kamba za viatu nusu ya vijana wa mtaa, sasa anabeba daftari kwenda kuanza moja! Nikinyimwa viza baada ya kila mtu kujua, ningepita wapi? Afadhali wasijue kitu.

Nyumbani ninaishi na mdogo wangu Anaclet, aliyefanya kazi ya reli mpaka akazeeka nayo. Anaclet ni mtu wa kutii. Ukimwambia ashike mlango, ataushika mpaka wewe mwenyewe usahau kwamba kuna mlango. Nilimkalisha chini.

"Muntu yeyote akikuuliza, mi siende fasi yoyote. Yeyote! Hata padri."

"Hata padri," akajibu, akiwa amenyoosha mgongo.

Na kwa kuwa ndiye ndugu pekee ninayeishi naye, jina lake na namba yake ndizo nilizoandika konsula, kwenye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu. Kumwambia kwamba nimemwandika, nilisahau. Mtu anaweza kukumbuka picha ya mapafu, bima, cheti cha polisi na picha nne za pasipoti zenye mandhari nyeupe, halafu akasahau kitu kama hicho.

Nilikuwa ninasonga bukari, ugali wetu, siku Anaclet, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, alipoingia jikoni anang'aa.

"Yaya, leo balinijaribu!"

"Nani?"

"Muntu moja wa sauti ya bureau, sauti ya ofisi, Kifaransa ya muzuri kabisa. Anasema eti iko wa konsula. Alitaka ajue kama ni kweli unaenda kusoma kule Afrika Kusini." Akapiga paja kwa furaha. "Mi nilicheka! Nikamwambia, kusoma? Na ile myaka yake? Yaya yangu haende fasi yoyote, iko hapa."

Nikaacha kusonga. "Na ulisema nini tena?"

"Nilisema hata kama angependa, hangeweza, sababu iko na kikohozi. Balimupiga mpaka na picha ya mapafu."

"Ee Mungu wangu. Na yeye alisema nini?"

"Alisema merci beaucoup. Bantu ba wivu, yaya, beko na politesse sana."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Ninamshukuru Mungu kwamba niliuweka chini kwanza. Maneno niliyomwambia mdogo wangu sitayarudia, kwa sababu baadhi yake nilikuwa ninawakataza watoto wa watu kuyasema. Alisimama katikati ya jiko, mikono imening'inia, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba amefanya kama nilivyomtuma. Na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza dirishani. Madame Bwalya aliponieleza, alikuwa anauma midomo asicheke. Dosie yangu, faili la maombi, haikuwa imekataliwa, alisema, ila ilikuwa imesimamishwa. Mwombaji anasema anakwenda kusoma miezi minane, na ndugu anayelala naye nyumba moja anasema haendi popote, tena ni mgonjwa wa kifua. Picha ilionyesha mapafu safi, hilo daktari wao alikwisha kulitazama. Lakini maneno yalikuwa yameandikwa.

Nikamweleza yote. Sikuficha hata tangawizi.

"Mama, nakusikia," akasema, na sasa alicheka kweli. "Hata miye wakati nilienda kusoma Lusaka, mama yangu alisema ku bantu eti niko ku kilio ya ndugu mwenye kufa. Lakini siwezi kuandika ile mu dossier. Uniletee muntu mwingine. Asikuwe wa nyumba yako. Akuwe anakujua, na anajua safari yako. Mbele ya vendredi."

Ijumaa! Darasa lilikuwa linaanza mwanzo wa mwezi, na shule ilishasema kwamba anayechelewa hapokelewi. Nikitoka mikono mitupu, Exaucée ataongeza mwaka mwingine wa kuniona nikitabasamu kwenye simu kama mjinga. Nilirudi nyumbani nikiwahesabu watu wanaonijua, nao walikuwa wengi, halafu nikawatafuta wanaoijua safari yangu. Hakukuwa na hata mmoja. Sista aliyekuwa mkuu wangu wa shule, ambaye angeaminika mahali popote, alikuwa amehamishiwa Mitwaba, na simu yake haikuwa inapatikana. Padri nilikuwa nimemdanganya kuhusu magoti, na nikifikiria kwenda kumwambia sasa, magoti yaliniuma kweli.

Basi akabaki yule anayeniona kila siku, kutoka ninapofungua mlango mpaka ninapoufunga.

Nilivuka avenue Alhamisi asubuhi. Mama Chishimba alikuwa anapima unga kwa kopo, anausawazisha kwa kiganja. Hakuwa na mteja. Nilisimama mbele ya meza kama siku ya kwanza nilipoingia darasani nikiwa msichana.

"Mama Chishimba, niko na neno."

"Sema, mama."

"Ni neno ya siri kidogo. Unaona... mi niko na safari. Ninaenda..."

"Pretoria," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kopo. "Kusoma Kingereza. Viza ya kutembea ulikatala, ulifanya vizuri."

Nilikaa juu ya gunia la makaa, na kitenge changu kilikuwa cheupe.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna muntu. Bote tunajua."

"Bote nani?"

"Avenue yote." Sasa aliniangalia, na hakukuwa na kicheko usoni mwake. "Kila asubui unasimama mu lupango, mu kiwanja yako, unasema good morning, how are you, na kuku. Muntu hasemi Kingereza na kuku bure. Viza, uliisema na sauti mbele ya foleni yote. Tena ile siku mutoto wa Chance alilia mu telefone, na weye ulilia ku jikoni, dirisha ilikuwa wazi. Ulikuwa unasema peke yako. Nilisikia."

Nilikasirika kabla sijashukuru. Ndivyo nilivyo. Nilimwuliza kwa ukali kwa nini basi aliniacha nikohoe wiki nzima mbele ya meza yake, mwanamke mzima, na kunipikia tangawizi juu yake.

"Ulisema ni kikohozi," akajibu. "Kama hakuna muntu anakuleteya dawa ya kikohozi, bantu bataamini namna gani?"

Akaendelea kunieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Walikuwa wameona kwamba ninapenda wasijue, kwa hiyo wakakubaliana wasijue. Watoto walikatazwa kuniuliza. Sylvain, fundi redio wa kona, alikuwa anataka kunipongeza, naye akanyamazishwa. Hata kwenye chama cha akina mama, nilipowaeleza habari ya malipo yangu ya kustaafu, wote waliitikia kwa huruma, na nilipotoka wakaniombea viza. Walifanya hivyo tangu mwanzo, kila wiki. Ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui kwamba ninaombewa.

Machozi yalinitoka hapo hapo, mbele ya unga. Nilikuwa nimejikunja miezi yote hiyo nikiwaogopa watu hawa.

"Basi utanisaidia?" nikamwuliza. "Bantu ba konsula banataka muntu mwenye kujua."

Mama Chishimba alifunika unga wake. "Sasa umeniambia weye mwenyewe," akasema. "Sasa naweza kujua."

Alivaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba cha rangi moja nacho, akamwachia binti yake Dorine meza, tukaenda mjini. Konsula walimwita peke yake kwenye chumba kidogo, lakini mlango ulikuwa umebaki nusu wazi, na sauti ya Mama Chishimba si ya chumba kidogo. Walimwuliza ananijua tangu lini. Akasema tangu sisi wote wawili tukiwa na meno yote. Walimwuliza kuhusu kikohozi.

"Kikohozi ile ni ya uongo, Madame. Mi mwenyewe njo nilipika dawa yake."

Halafu wakamwuliza kwa nini mwanamke aliyekwisha kustaafu aende kusoma lugha ng'ambo. Nikajisogeza karibu na mlango.

"Mujukuu wake alimulilia mu telefone," akasema Mama Chishimba, na safari hii sauti yake ilishuka. "Na yeye hakusikia mutoto anasema nini. Weye, ungeweza kubaki na kintu ya vile mu roho? Mumupatie ile viza. Atasoma. Na atarudi, sababu hapa njo kuko bantu bake."

Viza ilitoka wiki iliyofuata. Ilibandikwa vizuri kwenye ukurasa, na neno la kusoma limeandikwa juu yake kwa Kiingereza, nikalisoma mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Nikamwonyesha Anaclet. Aliogopa kulitazama, akaniuliza kwanza kama anaruhusiwa.

Sasa utasema kwamba baada ya hapo nilitangaza. Hapana. Kwa kuwa wote walijua na wote walijifanya hawajui, sikujua namna ya kuanza, na nadhani nao hawakujua. Mama Chishimba mwenyewe, tangu tutoke mjini, hakunitajia safari hata mara moja. Alinisalimu, akaniuliza kikohozi kinaendeleaje, nikamjibu kinapungua. Tulikuwa tunaangaliana na kucheka.

Siku ya kuondoka, ndege ilikuwa ya asubuhi. Tulitoka saa kumi na mbili, jua limeshaanza kuwasha mabati. Saa hiyo avenue yetu huwa kama sokoni: akina mama wanafagia mbele ya nyua zao, vijana wanasukuma baiskeli zenye madumu ya maji, redio ya Sylvain inashindana na jogoo, na huwezi kupiga hatua kumi bila kusalimu watu kumi. Nilifungua lango, Anaclet nyuma yangu na sanduku.

Hapakuwa na mtu.

Hakukuwa na ufagio, wala baiskeli, wala redio. Milango yote ilikuwa imefungwa, upande huu na upande ule, mpaka kule mwisho kwenye lami ambako teksi ilikuwa inatusubiri. Meza ya Mama Chishimba haikuwa imetolewa nje. Kwanza nilishtuka, nikadhani kuna msiba. Halafu pazia moja likacheza. Nyuma ya ukuta wa jirani mtoto akaanza kucheka, na mtu mzima akamziba mdomo haraka. Ndipo nikaelewa. Nilitaka kuondoka bila kuonekana, na avenue nzima ilikuwa imeamka mapema ili isinione.

Nilijaribu kutembea. Magurudumu ya sanduku yalipiga kelele juu ya changarawe, na kila nyumba niliyoipita nilijua kuna watu wamesimama nyuma ya mlango wameshika pumzi. Nilifika katikati ya avenue. Nikasimama, nikajaza kifua.

"Bantu ba avenue!" nikapiga kelele. "Ninaenda Pretoria! Ninaenda kusoma!"

Kutoka nyuma ya mlango wake uliofungwa, Mama Chishimba akajibu.

"Hatukukuona, Mama Chance!"

"Hatukukuona!" akaitikia mwingine, na mwingine, na Sylvain kutoka kona, na watoto wote kwa pamoja kwa sauti zao nyembamba, mpaka avenue nzima ikawa inacheka nyuma ya milango bila hata mmoja kufunguka.

Niliingia kwenye teksi ninalia, kamasi na yote. Dereva, kijana ambaye sikuwahi kumwona, alinitazama kwenye kioo kwa wasiwasi, akauliza kama mama anakwenda kwenye msiba. Anaclet akageuka akanitazama, midomo imebanwa, anasubiri amri yangu.

"Mwambie," nikasema.

Na mdogo wangu akamwambia yote, bila kupumzika, mpaka uwanja wa ndege wa Luano.